Projekta ina VGA, laptopu ina HDMI na tundu la C: nimeshanunua adapta tatu, zote kimya

Kinanda wa Igoma (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni.

Nipo Igoma, Mwanza. Kigangoni kwetu mimi ndiye mtu wa mitambo: vipaza sauti, kinanda na projekta ya kuonyesha maneno ya nyimbo. Projekta yenyewe ni ya zamani, tulipewa. Nyuma ina tundu la bluu la VGA, lile la njano la video, na la duara la pini 4 ambalo sijawahi kuona mtu akilitumia. HDMI haina. Miaka yote tulikuwa tunachomeka laptopu ya katibu iliyokuwa na VGA yake, hadi mtoto alipoimwagia soda siku ya Pasaka ikazima jumla. Laptopu mpya ina HDMI moja, USB mbili na tundu moja la C. VGA ndiyo hivyo tena, hazitengenezwi nazo.

Nikashuka mjini. Mara ya kwanza nikauziwa waya wenye kichwa cha HDMI huku na cha VGA kule, elfu 12. Nachomeka, projekta inasema hakuna kinachoingia. Nikarudi, nikapewa kisanduku cheusi cha elfu 28, muuzaji akaapa kwamba kinafanya kazi kotekote. Kimya. Mara ya tatu nikanunua adapta ya C kwenda VGA, elfu 35. Hii nikiichomeka laptopu inalia "tiling", roho ikatulia, nikatazama ukutani: weupe mtupu.

Elfu 75 imekwenda, na Jumamosi tuna harusi ya mwanakwaya wetu. Mwenyekiti ameanza kuniangalia vibaya. Natanguliza shukrani.

Mkazi wa Nyegezi

Naweka kambi hapa. Ngoja wajuzi waje.

Soda Waya

Pole mkuu. Nakaribia kuapa kwamba adapta zako zote tatu ni nzima. Ila hakuna hata moja inayohusika na shida yako.

Tuanze na ule waya wa elfu 12. VGA ilikuja mwaka 1987 na kompyuta za IBM, enzi za skrini za chupa. Rangi nyekundu, kijani na bluu kila moja ina waya wake, na mwanga unapanda na kushuka kwa kadiri umeme unavyopanda na kushuka, kutoka sifuri hadi kama volti 0.7. HDMI imekuja baada ya 2000 na haina habari na hayo. Yenyewe inapeleka namba, sifuri na moja, kwa kasi ya kutisha. Sasa ukichukua nyaya za HDMI ukazilehemu kwenye pini za VGA bila kitu katikati, ni sawa na kumimina dagaa kwenye tangi la petroli: vimeingia, gari haliendi. Lazima katikati kuwe na chipu inayosoma namba na kuzigeuza umeme wa kupanda na kushuka. Waya wako hauna chipu. Utaujuaje? Adapta yenye chipu ikifanya kazi dakika tano ukaishika, ina uvuguvugu. Waya mtupu unabaki wa baridi kama ulivyotoka dukani.

Kisanduku cha elfu 28 kina chipu, na chipu nzuri tu, lakini kinaelekea upande mwingine. Hicho ni cha mtu mwenye kompyuta ya zamani ya VGA anayetaka kuonyesha kwenye TV ya HDMI. Hakuna cha "kotekote" hapo, ni barabara ya njia moja. Kiangalie pembeni, kuna maandishi madogo ya kuingia na kutoka. Na hizi adapta ndogo za kuning'inia zina kanuni ambayo hainiangushi: lile dume linaingia kwenye mashine inayotoa picha, na jike linapokea waya wa skrini. Wewe unataka dume la HDMI, jike la VGA. Angalia ulichonacho kama hakijageuka.

Ya tatu ndiyo inayoliza wengi. C ni jina la umbo. Tundu hilo limetoka 2014, lina pini 24, na watu wakaambiwa sasa tundu moja litafanya kila kitu. Linaweza, ila halilazimiki. Ili picha itoke kwenye C, aliyetengeneza laptopu lazima awe ameunganisha picha ya DisplayPort, njia nyingine ya kupeleka picha kwenye skrini, hadi pale. Wengi kwenye mashine za bei nafuu hawaunganishi. Tazama pembeni ya tundu: ukiona alama ya D iliyokumbatia P, au kijiradi cha Thunderbolt, picha ipo. Ukiona kile kiuma cha USB peke yake, mara nyingi ni data na pengine chaji, basi. Ile "tiling" ni adapta ikijitambulisha. Haina maana kwamba picha imepita.

Kanunue HDMI kwenda VGA yenye chipu. Kama unaipata yenye tundu dogo la kuongezea umeme wa USB pembeni, hiyo ndiyo chukua.

Kinanda wa Igoma

Nimekiangalia kisanduku. Ni kweli, dume ni la VGA. Na laptopu ina kiuma tu pembeni ya tundu la C. Aisee. Kwa nini hiyo yenye tundu la umeme?

Soda Waya

Chipu inakula umeme, na inautoa kwenye HDMI hiyohiyo. Kwa mujibu wa kanuni za HDMI, mashine inalazimika kutoa volti 5 na miliampia 55 tu. Laptopu nyingi zinatoa zaidi, zipo ambazo hazitoi. Ndiyo unakuta picha inawaka vizuri, padre anaanza mahubiri, dakika ya kumi ukuta unakuwa mweusi. Mtu analaumu projekta kumbe adapta imeishiwa pumzi.

Mjasiriamali wa Nyakato

Mbona mnajitesa? Nunueni projekta mpya yenye HDMI, dunia inaenda mbele.

Mwalimu wa Nansio

@Mjasiriamali wa Nyakato ukishanunua ya kwako uje utununulie na sisi huku Ukerewe. Shuleni tuna projekta mbili, zote VGA, na taa zake bado zinawaka vizuri. Nitupe kitu kizima kwa sababu ya kichwa cha waya? Hesabu za bodi hazipitishwi hivyo.

Nichomekee lingine hapohapo. Mtoa mada, usisahau sauti. VGA haibebi sauti hata tone. Ukichomeka HDMI, laptopu nyingi zinahamishia sauti huko bila kukuuliza, spika zako zinanyamaza na unadhani kuna kitu kimeungua. Mimi ilinikuta mbele ya wazazi siku ya mahafali. Ama uchukue adapta yenye tundu la spika, ama ubonyeze alama ya spika pale chini kulia urudishe sauti kwenye laptopu.

Mkazi wa Nyegezi

Na wale wadudu wa ziwani wasiouma je? Kwetu projekta iliwashwa usiku nje, kesho yake fundi alifungua kichujio akatoa wadudu kiganja kizima. Hilo halina adapta.

Dada wa Mwaloni

Samahani mtoa mada, naomba nidandie uzi wako, shida yangu ni jirani na yako.

Nafanya kazi stoo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tuna mzani wa kielektroniki wa zamani ambao ulikuwa unapeleka kilo moja kwa moja kwenye kompyuta kwa tundu la pini 9. Kompyuta imekufa, tumeletewa nyingine haina tundu hilo. Nikanunua adapta ya USB kwenda pini 9. Windows inaiona lakini imeweka alama ya pembetatu ya njano, inasema kosa namba 10. Sasa naandika kilo kwa mkono, gunia kwa gunia, na bosi haamini mwandiko wangu. Nifanyeje?

Mzee Pini Tisa

Binti, hapo umefika kwenye mtaa wangu. Nimefunga mizani na mashine za risiti tangu kabla simu hazijaingia Mwanza.

Hilo tundu ni la RS-232, kanuni ambayo mwanzo wake ni mwaka 1960, na mizani nyingi bado zinaitumia kwa sababu haina makuu. Adapta yako ndani ina chipu inayogeuza USB kuwa RS-232. Kosa namba 10 kwa hizi mara nyingi ni chipu ya PL2303 ya zamani au ya bandia. Prolific, wenye chipu hiyo, walichoka na chipu za kuigwa, draiva zao mpya (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) zikawa zinazikataa, na za kwao za zamani zikaachwa humohumo. Jirani zao wa FTDI, watengenezaji wengine wa chipu hizi, mwaka 2014 walikwenda mbali zaidi: draiva iliyoshuka na masasisho ya Windows ilikuwa inafuta kitambulisho cha chipu bandia, ikawa sifuri, adapta haitambuliki tena hata ukiipeleka kompyuta nyingine. Watu walipiga kelele dunia nzima hadi ikaondolewa. Mnunuzi wa watu hajui hata kama alichonunua ni bandia, anashtukia kimekufa mkononi.

Kwa hiyo usihangaike na draiva. Irudishe, tafuta yenye chipu ya CH340, ni ya bei ya kawaida na inakubali. Kabla hujaifunga kwenye mzani, ipime hivi. Adapta ina dume la pini 9, na namba zimeandikwa kwa herufi ndogo sana, tumia miwani kama mimi. Chukua waya mwembamba uunganishe pini ya 2 na ya 3. Fungua programu kama PuTTY, chagua COM ya adapta (namba ya tundu ambayo Windows imeipa), kisha andika chochote. Herufi zikirudi kwenye skrini, adapta ni nzima. Toa waya, herufi zinapaswa kukoma. Jaribio hilo la dakika moja limeniokoa safari nyingi za Sengerema na Geita.

Mzani ukiunganishwa ukaleta vimaandishi vya ajabu badala ya namba, mwendo wa kupeleka data wa pande mbili haufanani. Anza na 9600. Ukileta kimya kabisa, inawezekana 2 na 3 zinahitaji kupishana, kuna waya wake maalumu. Na usije ukanunua zile adapta za mafundi wa elektroniki zenye pini nne tupu zilizosimama. Zile ni za volti 5 au 3.3. RS-232 inakwenda chanya na hasi, hata volti 12. Utaichoma.

Dada wa Mwaloni

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili, kesho naenda kubadilisha. Wabeja sana.

Mzee Pini Tisa

Marahaba. Ukifanikiwa, adapta iache kwenye tundu lilelile la USB kila siku, bandika hata plasta. Ukiihamishia tundu la pembeni Windows inaweza kuipa namba nyingine ya COM, na programu ya mzani itaendelea kubisha hodi nyumba ya zamani.

Kibanda cha Mabatini

Na mimi nina langu. Nina kibanda umiza, TV ina HDMI, simu yangu ina C. Nataka kuonyesha mechi kutoka kwenye simu. Nilinunua adapta ya C kwenda HDMI, inachaji simu tu. Wateja wa Pamba Jiji walinizomea.

Soda Waya

Jibu ni lilelile la laptopu ya Igoma. Simu nyingi za bei ya kati tundu lake la C ndani yake ni USB 2.0, ile ya mwaka 2000. Umbo jipya, mfereji wa zamani. Hakuna adapta itakayotoa picha ambayo simu haitoi. Tafuta sifa za simu yako ukaone kama inatoa DisplayPort kwenye C. Kama haitoi, tumia njia ya Wi-Fi kama TV yako inakubali. Na kuna programu za kulipia zinazofunga picha zikishaona kifaa cha nje kisicho na ulinzi wao. Hapo usimlaumu muuza adapta.

Kwenye C msinunue waya wowote mradi umeingia. Mwaka 2015 injinia mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kupima nyaya za C zilizokuwa zinauzwa mtandaoni, moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa 2016 waya mmoja uliokuwa umeungwa vibaya ndani uliharibu laptopu aliyokuwa anapimia. Huyo ni mtu anayejua anachofanya, tena mezani kwake.

Mkazi wa Nyegezi

Na kibodi ya zamani yenye kichwa cha duara cha zambarau? Ninayo adapta yake kwenda USB, haifanyi kazi.

Soda Waya

Kile kijiadapta cha duara hakina chipu. Kinafanya kazi kwa kibodi zinazojua lugha zote mbili tu, na mara nyingi zile ni za USB zinazoshushwa kwenda duara, siyo za duara kupanda USB. Nunua chenye chipu, au ununue kibodi nyingine, bei itakuwa karibu sawa. Na usichomeke wala kuchomoa la duara mashine ikiwa inawaka.

Kinanda wa Igoma

MREJESHO, na bado nalia kidogo.

Nimepata HDMI kwenda VGA, elfu 18, ina tundu la umeme na la spika. Nyumbani nimeijaribu kwenye skrini ya zamani ya shemeji, picha safi. Nikabeba kila kitu hadi kanisani. Projekta inawaka, inaleta ujumbe kwamba kinachoingia kiko nje ya uwezo wake. Waya wa VGA ni uleule wa mita 15 tuliokuwa nao miaka yote, unapita juu ya dari. Zimebaki siku mbili.

Soda Waya

Umeshafika, usikate tamaa. Skrini yoyote ikichomekwa inaiambia kompyuta "mimi ni ukubwa huu". Kwenye VGA maneno hayo yanapita kwenye pini ya 12 na ya 15. Yasipopita, laptopu inabahatisha, na inabahatisha kikubwa. Projekta za umri huo nyingi ni 1024 kwa 768. Ukiitupia 1920 kwa 1080 inakataa.

Fanya mawili. Kwanza, kwenye laptopu weka ukubwa wa skrini ya pili 1024 kwa 768, herzi 60, halafu kitufe cha Windows na P, uchague picha ifanane pande zote. Pili, chomoa vichwa vyote viwili vya waya wa dari, uangalie pini kwa tochi. Safu tatu, pini tano kila moja. Safu ya chini inaanza 11 hadi 15. Ukikuta ya 9, katikati, haipo, usishtuke, nyaya nyingi zinatoka hivyo kiwandani.

Kinanda wa Igoma

MREJESHO WA MWISHO.

Nimepanda ngazi, mtoto wa jirani ananishikia tochi ya simu. Kichwa cha upande wa projekta: safu ya chini, pini ya pili kutoka mwanzo imelala kabisa, imelalia ukuta wa bati kama mtu aliyechoka. Nahisi ni siku ile tulipohamisha projekta kwa ajili ya kipaimara, kijana mmoja aliusukuma kwa nguvu kichwa kikiwa kimegeuka. Laptopu ya katibu ilikuwa haijali kwa sababu tulishaiwekea ukubwa zamani, ikawa inakumbuka.

Nimeisimamisha kwa sindano ya kushonea, polepole, jasho linanitoka. Nikafunga skrubu zote mbili, nikachomeka, sikugusa mpangilio wowote. Laptopu ikajiweka yenyewe 1024 kwa 768. Ukutani: "Utukufu kwa Mungu juu", herufi kubwa, hazitetemeki. Nimeiacha inawaka saa nzima nikifagia, haijazima. Adapta ina uvuguvugu kama ulivyosema.

Dada wa Mwaloni

Hongera kaka! Na mimi nina mrejesho. CH340 imeingia bila ubishi. Nilifanya lile jaribio la pini 2 na 3, nikaandika jina langu likarudi lote, nikacheka peke yangu stoo. Halafu mzani. Mwanzo ulileta nyota na alama za swali, nikashuka kutoka 19200 hadi 9600. Wakapakia gunia la kwanza, kwenye skrini ikaja 41.6, na kwenye uso wa mzani 41.6. Bosi amesimama nyuma yangu hasemi kitu. Mzee Pini Tisa, plasta nimeshabandika.

Mzee Pini Tisa

Safi binti. Siku nyingine usiwafiche hao dagaa, tuma picha.

Mjasiriamali wa Nyakato

Mimi niliyesema mnunue projekta mpya nimerudi kwa upole. @Kinanda wa Igoma kile kisanduku cheusi cha VGA kwenda HDMI bado unacho? Dukani nina kompyuta ya zamani ya hesabu, inatoa VGA tu, na skrini yake imekufa jana. TV ya HDMI ninayo imekaa bure.

Kinanda wa Igoma

Kipo na boksi lake na waya wake wa umeme. Nilinunua elfu 28, nipe 20. Njoo nacho kile unachotaka kujaribia, tusije tukarudi humu ndani.

Mjasiriamali wa Nyakato

Haya 20. Kesho saa kumi jioni Buzuruga, upande wa wauza miwa. Nitakuwa na TV begani, hutanikosa.